Aliomba kwa Maneno Gani

Mama yangu analala chini, kwenye mkeka, tangu mwezi wa saba wa mwaka jana. Kwetu Kakese, hapa pembeni ya Mpanda, wafiwa hulala chini mpaka matanga yaanuliwe, na kwa kawaida hilo halichukui muda mrefu. Turubai lilishashushwa, masufuria ya kuazima yalisharudishwa, majirani walishaendelea na mashamba yao. Mama peke yake hakurudi kitandani. Anasema mtu aliyezikwa ugenini hawezi kuanuliwa matanga kabla haijajulikana nani alisema azikwe huko.

Marehemu ni mdogo wangu, Leonsi. Alikuwa padre. Alitumwa Ufaransa kwa sababu mapadre wa huko wamebaki wachache na wazee, akapewa kundi la vijiji vilivyo kwenye njia ambayo mahujaji huipita kwa miguu wakielekea Hispania, kwenye kaburi la Mtume Yakobo. Aliugua saratani ya kongosho na hakutuambia ukubwa wake. Alipofariki alizikwa huko huko kabla sisi hatujajua la kufanya. Mazishi tuliyaangalia kwenye simu, tumezunguka kiti cha Mama, picha ikikwama kila mara.

Paroko wetu alikuja nyumbani na ujumbe kutoka huko: marehemu mwenyewe ndiye aliyeomba azikwe huko. Mama akauliza, "Aliomba kwa maneno gani?"

Paroko hakujua. Nimefanya kazi ya habari redioni kwa miaka mingi na sikumbuki kusikia swali zuri kuliko hilo. Ndilo lililonipeleka Ufaransa. Nyie wenzangu wa redioni na wa jumuiya mmekuwa mkinisimamisha sokoni mkitaka kujua ilikuwaje, na kila mmoja nimemwambia kipande chake. Sasa naandika yote kwa mpangilio. Habari za viza na tiketi naziacha, hazina utamu wowote.

Kakese hadi Dar es Salaam

Mama hakunipa maagizo mengi. Alinipa chupa ya asali ya Ugalla, ameifunga kwa kitenge, akasema nimpe yule aliyekuwa anampikia mwanawe. Baba mdogo Kasiani, mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyekuwa na maneno. Alitaka nirudi na jibu moja tu, lini Leonsi analetwa nyumbani. Kwake hapakuwa na swali la maneno gani. Mtu wa Kakese anazikwa Kakese.

Basi liliharibika tukiwa tumeiacha Inyonga nyuma. Tulishuka tukakaa kwenye nyasi za ukingo wa barabara huku fundi akiwa amelala chini ya injini, miguu tu ndiyo inaonekana. Mama mmoja alikuwa na mihogo ya kuchemsha kwenye ndoo, tukala. Mzee wa Kisukuma aliyekuwa anarudi Shinyanga kusalimia ndugu aliniuliza naelekea wapi na begi kubwa hivyo. Nikamwambia naenda Ulaya kumwona mdogo wangu.

"Amefanyaje?"

"Amelala, mzee."

"Oo, amelazwa. Basi Mungu atamwinua. Mwambie Masanja wa kwenye basi anamsalimia."

Nilimwitikia tu kwamba nitamwambia. Sikuwa na nguvu ya kumsahihisha, na kwa kweli salamu zenyewe zilinifariji. Mpaka tunafika Tabora alikuwa ameshawaambia abiria nusu ya basi kwamba mimi nina mgonjwa Ulaya, na waliposhuka kila mmoja alinitakia mgonjwa wangu apone. Nilizipokea dua zote.

Lyon: treni zimegoma

Ndege sina la kusema juu yake. Nilifika mji wa Lyon asubuhi, nikaenda stesheni nikakuta watu wamesimama wakiangalia ubao ambao karibu kila mstari ulikuwa na neno lile lile jekundu. Nilidhani ni jina la mji. Nikajiuliza huo mji una nini hata treni zote ziende huko. Baadaye ndipo nilipojua kwamba neno hilo maana yake treni imefutwa. Wafanyakazi wa reli walikuwa kwenye mgomo.

Nilipiga simu nyumbani kusema nimekwama. Nilikuwa naongea kwa sauti kama mtu wa Mpanda anavyoongea na simu ya mbali. Nilipokata, mwanamke mnene aliyevaa viatu vya kupandia milima alikuwa amesimama mbele yangu, anatabasamu.

"Yaya, uko unatoka Kigoma?"

Yaya kwao ni dada mkubwa. Nikamwambia hapana, Mpanda.

"Mpanda ya Karema? Mie niko mtu wa Moba. Siye tunatenganishwa na maji tu."

Anaitwa Mama Furaha. Moba ni Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ukitoka Ikola au Karema unaelekea jua linapozama. Lyon ameishi miaka mingi, kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani, na kila likizo anatembea kipande cha ile njia ya Mtume Yakobo. Mwaka huu alikuwa anaanzia mji ule ule niliokuwa nautafuta, Le Puy. Nilipomweleza ninachokifuata, alikaa kwenye begi lake akashika kichwa. Kisha akasema, "Kifaransa unajua?" Nikasema najua asante na samahani. Akaniambia hizo zitanisaidia kununua mkate, ila mambo ya msiba hazitoshi, na kwamba yeye atakuwa mdomo wangu.

Tulingoja mpaka mchana, tukapata gari la abiria la kukodiwa na watu wanane waliokuwa wamekwama kama sisi.

Le Puy: kutoka kupitia sakafu ya kanisa

Mji wa Le Puy umejaa vilima vya miamba vilivyosimama vyenyewe katikati ya nyumba, kama vichuguu, ila hivi ni vya mawe na virefu kuliko mnara wa simu. Juu ya kimoja kuna sanamu nyekundu ya Bikira Maria, kubwa, iliyotengenezwa kwa chuma cha mizinga ya vita. Juu ya kingine kuna kanisa dogo la kale ambalo sijui mawe yake walipandishaje. Kanisa kuu lenyewe lipo juu ya ngazi ndefu, na kwenye altare amekaa Bikira Maria mweusi. Si mweusi wa moshi wala wa kuchakaa. Mweusi. Leonsi aliwahi kumtumia Mama picha yake, na Mama akauliza kama hao Wazungu wanamjua ni nani.

Asubuhi mahujaji wanasali misa, halafu padre anawaita mbele na kumuuliza kila mtu ametoka wapi. Watu walitaja Korea, Kanada, Ujerumani. Ilipofika zamu yangu nikasema Mpanda. Yule padre aliomba nirudie, kisha akaniuliza kitu kwa upole, na Mama Furaha akajibu kwa niaba yangu maneno marefu. Kanisa zima likageuka kuniangalia. Baada ya hapo wanafungua wavu wa chuma katikati ya sakafu, na watu wanashuka kwa ngazi iliyo chini yake, wanatokea mtaani. Unatoka kanisani kwa kupita sakafuni. Kwangu ilikuwa kama kuteremshwa kaburini, na nilishika mkono wa Mama Furaha kwa nguvu mpaka akalalamika.

Chakula cha huko ni dengu ndogo za kijani, wanazipika na soseji ya nguruwe. Nilikula dengu nikamwachia Mama Furaha soseji, si kwa sababu ya dini bali kwa sababu ilikuwa inanukia kitu ambacho sikukijua. Alinicheka. Alisema mtu aliyekua na dagaa wa Ikola hana haki ya kuogopa harufu.

Nyanda za Aubrac

Sikutembea njia yote, nisije nikawadanganya. Vipande vingine tulipanda basi la kijiji, kingine tulibebwa na mkulima kwenye gari lake la maziwa. Lakini nyanda za juu za Aubrac nilitaka kuzitembea kwa miguu, kwa sababu Leonsi alizipita kila wiki akienda kusalisha.

Ni nchi tupu. Majani, mawe, ukuta mfupi wa mawe, na ng'ombe wa rangi ya mchanga wenye pembe ndefu na macho kama yaliyopakwa wanja. Nikawaza wafugaji wetu wangefika huku wasingeondoka. Hakuna miti. Upepo hauna pa kupumzikia. Kwenye kijiji kimoja kuna kanisa la kale sana ambalo zamani lilikuwa nyumba ya watawa waliopokea mahujaji, na kengele yake ilikuwa inapigwa wakati wa ukungu na theluji ili waliopotea waifuate sauti. Siku tuliyopita sisi ukungu ulikuwepo, mzito, nilikuwa naona mgongo wa Mama Furaha tu. Kengele haikupigwa. Tuliifuata alama ya rangi nyeupe na nyekundu waliyoichora kwenye mawe, tukiipapasa kama vipofu, na mara mbili tuliishia kwenye zizi.

Kwenye nyumba ya kupokea wageni walitupa chakula kinachoitwa aligo. Kwa macho ni ugali. Nilifurahi kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani, nikanawa, nikamega tonge kama kawaida. Halikumegeka. Lilivutika kutoka kwenye sahani mpaka usawa wa kidevu changu, la moto, na nilipojaribu kulikata kwa mkono wa pili na huo nao ukanasa. Kumbe ni viazi vilivyopondwa na jibini nyingi. Mzee mmoja Mfaransa upande wa pili wa meza aliinuka bila kucheka, akachukua mkasi wa jikoni akanikatia. Meza nzima ikacheka baada ya hapo, na mimi nikacheka, kisha nikashangaa kuona nalia. Walifikiri nimeungua. Waliniletea barafu.

Kijijini kwa Leonsi

Jina la kijiji nitaliacha. Ni nyumba za mawe meusi zenye paa za mawe, kanisa, chemchemi yenye benchi, duka la mkate. Tuliingia tukiwa tumelowa, na mtu wa kwanza tuliyekutana naye, kijana mwenye pikipiki, alituinulia mkono akasema, "Pole!"

Nilisimama. Nikamwitikia nimeshapoa, kwa Kiswahili, kama tunavyoitikia. Akacheka akaenda zake. Mama mmoja akafungua dirisha, naye, "Pole, pole!" huku anatabasamu mpaka fizi zinaonekana. Kwenye mlango wa duka la mkate neno hilo lilikuwa limeandikwa kwa chaki, na ua limechorwa pembeni. Kila aliyetuona alisema pole na kila mmoja alikuwa na furaha.

Nilikasirika. Nilimwambia Mama Furaha hawa watu wamesikia kwamba nakuja, na wananipa pole ya msiba huku wanacheka. Nilitaka kuondoka hapo hapo kwenda makaburini bila kumsalimia mtu. Yeye akaingia dukani akauliza. Alikaa kidogo huko ndani, akarudi amebadilika uso.

Mwenye duka alikuwa amemweleza kwamba hawakuwa wanajua mimi ni nani. Ni salamu ya padre wao. Leonsi alipokuwa na nafasi alikuwa anakaa kwenye lile benchi la chemchemi, na kila hujaji aliyeingia na mzigo mgongoni alimwambia pole. Wakamuuliza maana yake nini. Akawaambia ni neno la kumwambia mtu aliyebeba kitu kizito. Wakasema Kifaransa hakina neno kama hilo, wakalichukua. Sasa wanalisema kwa kila anayepita, bila kujua kwamba linasemwa pia kwa mfiwa.

Mama Furaha alipowaambia kwamba huyu ni dada yake padre, kijiji kiliacha kucheka. Walitoka mmoja mmoja wakasimama kwenye milango. Hakuna aliyejua aseme nini, kwa sababu neno lenyewe walishalitumia.

Kaburi liko nyuma ya kanisa, upande wa ukutani unaopata jua. Jina lake, tarehe zake, na chini yake "Tanzanie". Kulikuwa na maua mabichi. Nilimsalimia kwa Kikonongo, lugha ya nyumbani, nikamweleza safari tangu basi lilipoharibika, nikampa na salamu za Masanja.

Meya wa kijiji alinikuta hapo. Ni mfugaji, alikuja na mabuti yake ya zizini, akavua kofia. Kupitia kwa Mama Furaha alinieleza jambo moja kwa uwazi: ukoo ukitaka kumchukua Leonsi, yeye hatazuia, atasaini siku hiyo hiyo, ila anahitaji kusikia neno la ukoo. Kisha akasema kwamba kutoka kwenye milima hii vijana wengi zamani walikwenda Afrika kuwa wamisionari, na hawakurudi. Hakusema kwa kujibu wala kwa kushindana, alisema tu.

Nikakumbuka Karema. Tukiwa shule ya msingi tulipelekwa ziara kwenye kanisa la kale la pale ziwani, tukafagia makaburi ya mapadre wa Kifaransa waliokufa kwa homa. Tuligombania mafagio. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mama zao walilala wapi.

Sebuleni kwa Bibi Odile

Aliyekuwa anampikia Leonsi ni Bibi Odile, mjane, mdogo wa umbo, anayefungua na kufunga kanisa. Nyumba yake inatazamana na nyumba ya padre. Nilimpa asali. Aliionja kwa kidole mbele yangu, akaifunika, akaiweka kwenye kabati la vitu vizuri.

Nilikuwa nimejiandaa kama ninavyojiandaa kwa mahojiano. Nilianza na mambo ya pembeni. Alikula nini? Viazi, na alikuwa anaagiza pilipili kwa posta. Alilala vizuri? Hapana, tangu kipindi cha Kwaresma. Alikuwa na uchungu? Alikuwa nao na alikuwa anauficha kwa kusafisha bustani. Mwezi wa saba walimpeleka hospitali ya mjini, mwendo wa saa nzima kwa gari. Bibi Odile alikwenda kumwona kila siku.

Ndipo nikauliza swali la Mama. Nilimwomba Mama Furaha alitafsiri lilivyo, bila kuongeza kitu. Aliomba kwa maneno gani?

Bibi Odile hakufikiri hata kidogo. Alisema kwamba alikuwa amekaa kando ya kitanda, mchana, dirisha limefunguliwa. Leonsi alimshika kiganja cha mkono akasema, "Je veux rentrer chez moi." Alisema hivyo mara mbili.

Mama Furaha akatafsiri haraka, "Anasema, nataka kurudi kwangu." Akafumba mdomo. Akaniangalia, akasema taratibu, "Ama kwetu. Nataka kurudi kwetu."

"Ipi kati ya hizo?"

"Yaya, hii Kifaransa haina tofauti. Hiyo chez moi, she mwa, inaweza kuwa ile nyumba yake ya pale mbele, inaweza kuwa kwao alikozaliwa. Ni neno moja."

Nilimwambia amuulize Bibi Odile wao walielewa nini. Bibi akashangaa swali. Walielewa kwamba padre amechoka na hospitali na anataka kurudi nyumbani kwake kijijini. Ndivyo kila mgonjwa anavyosema. Madaktari waliruhusu, meya akatoa gari, wakamrudisha. Walikuwa wametandika kitanda chini sebuleni asipande ngazi, wanakijiji wamejipanga nje. Alifariki baada ya siku chache, na kwa kuwa aliomba kurudi kwake, wakamzika kwake. Walifanya alichotaka. Bibi Odile alisema hivyo kwa fahari, akiwa ameweka mikono miwili mezani, na ilikuwa dhahiri kwamba jambo hilo ndilo linalomshikilia.

Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba walipompitisha mlangoni Leonsi aliangalia ile sebule, kitanda, msalaba ukutani, akaanza kulia. Alilia muda mrefu.

"Tukasema maskini," Mama Furaha alitafsiri, sauti yake imeshuka, "ni furaha."

Mama Furaha alikuwa ananitazama mimi, mimi naitazama meza. Nilijua maswali yaliyobaki. Alisema chochote baada ya hapo? Alitaja mama yake? Nikayauliza yote mawili. Bibi Odile akasema alizungumza mambo machache, kuhusu kengele na funguo za kanisa, na mwishoni alikuwa anasema maneno ya lugha ambayo hakuna mtu pale aliyeijua.

Alipoona nimeinamisha kichwa aliuliza kama kuna kosa. Mama Furaha akaniangalia apate ruhusa. Nikamwambia amwambie hakuna kosa, tunamshukuru kwa kumpikia. Na hilo lilikuwa kweli. Mwanamke yule alimwosha mdogo wangu miguu, kwa mikono yake, na sisi tulichofanya ni kungoja picha iache kukwama.

Kurudi

Nilitaka kukaa zaidi ila likizo ya Mama Furaha ilikuwa na mwisho wake na bila yeye nilikuwa bubu. Tuliagana stesheni ya Lyon, siku hiyo treni zinatembea kama hakuna kilichowahi kutokea. Aliniambia kwamba yeye mwenyewe ameshawaandikia watoto wake, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, jina la mji na jina la nchi, siku ya kumzika ikifika wasije wakabishana. Hakuniambia ni mji gani.

Kutoka Dar mpaka Mpanda sikuzungumza na mtu. Nilikuwa napanga jinsi ya kumwambia Mama, na kila nilivyopanga ilitoka kama habari ya redioni, yenye pande mbili zilizopewa nafasi sawa. Mama si msikilizaji wa namna hiyo.

Nilimkuta amekaa uani anapepeta mchele. Baba mdogo Kasiani aliitwa. Niliwaeleza kama nilivyowaeleza nyie hapa, ila kwa ufupi, na nilipofika kwenye yale maneno niliyasema kwa Kifaransa kwanza, kama Leonsi alivyoyasema, kisha kwa Kiswahili mara mbili, kwangu na kwetu. Kile kilio cha mlangoni pia nilikisema. Nilijiuliza njia nzima kama nikiache, nikaona kwamba Mama aliomba maneno yote.

Baba mdogo hakuhitaji muda. Alisimama kabisa. "Shemeji, umesikia? Padre hana kwake. Nyumba ni ya kanisa, kitanda ni cha kanisa. Atasemaje kwangu? Alisema kwetu. Na walipomfikisha akaona si hapo alipopataka, akalia. Mtoto amelia, shemeji. Kesho mimi naenda kwa paroko."

Nilikuwa nakubaliana naye, kwa siri. Tangu sebuleni kwa Bibi Odile nilikuwa nakubaliana naye. Nilimtazama Mama nikitegemea kuona ahueni, kwa sababu jibu lililokuwepo ndilo alilokuwa analitaka tangu msiba, kwamba mwanawe hakuwakataa. Mama aliendelea kupepeta. Alichambua changarawe, akazitupa pembeni, akauweka ungo chini.

"Kasiani, kaa," alisema.

Baba mdogo akakaa.

"Pasaka yake ya mwisho alinipigia simu. Akaniambia, mama, huku kwetu theluji bado haijaisha." Alituangalia mmoja mmoja kuhakikisha tumesikia. "Kwetu. Kwa Kiswahili chake mwenyewe, hakuna Mfaransa hapo. Nikamwambia we Leonsi, huko kwenu ni wapi, umeshaota mizizi kwa watu?"

"Akasemaje?" niliuliza.

"Akacheka. Nilimwuliza tena, nikamwambia nijibu, kwenu ni wapi. Akacheka vile vile, akaniuliza na huku kwetu mpunga umeanza kukauka au bado."

Mama akachukua ungo wake.

Hayo yalikuwa kabla ya mavuno. Sasa mpunga uko ghalani, Mama Furaha ameshaniandikia mara mbili kwamba meya anauliza, na hatujapata neno la kumpelekea.